Neno la Kurudishia Ng'ombe

Kanali Hindrek Soosaar alijifunza vita kwa Kirusi.
Kwa Kirusi alipewa upanga na nyota za mabegani,
kwa Kirusi akatukanwa, akala risasi ya paja
akilinda mpaka wa mfalme asiyejua
kwamba kina Hindrek nao wana lugha.
Kiestonia kilikuwa cha jikoni, cha zizini,
cha mama akipuliza uji wa shayiri.

Januari ile theluji ilitufika mapajani.
Taifa lilikuwa bado changa, halijaota hata jino,
na wakamkabidhi wavulana mia mbili na kumi:
wa shule, wa mashamba, mmoja mpiga kinanda wa kanisa.
Bunduki za aina nne, risasi za aina tano.
Gari moshi tulilivika mbao na magunia ya mchanga
tukaliita la deraya, bila kucheka.
Mimi nilikuwa karani wake wa simu.

Alisimama mbele yetu, akafumbua kinywa,
amri ikamkwama kooni.
Neno halikuwapo.

Usiku kucha nilimwona chini ya kandili,
daftari gotini, akisaka "shambulia", akisaka "ubavu",
akirudi mikono mitupu
kama mtoto aliyetumwa dukani mwaka wa njaa.

Kulipokucha alituamuru kikulima.
"Fyekeni!" Tukafyatua.
"Ukuta wa mawe!" Tukalala safu moja, bega kwa bega,
kama ule ukuta wa babu zetu kati ya shamba na msitu.
"Fungeni lango!" Na mrengo wa kushoto ukajikunja.

Na kurudi nyuma je?
Alisita. Akavua glavu,
akazungushia viganja mdomoni
akaita waitavyo mama zetu jua likizama:
"Kojuuu! Kojuuu!"
Yaani nyumbani. Nyumbani, basi.
Wavulana walicheka hadi wakakohoa,
naye akacheka, mara ya kwanza na, nadhani, ya mwisho.

Kwenye daraja la Ahja aliwapanga arobaini.
Nilimletea karatasi kutoka makao makuu, wino wangu mwenyewe:
*Shikilieni mpaka saa tisa.*
Saa yake ya mfukoni ilikuwa na tai wa mfalme mgongoni.
Saa nane na nusu ukungu ulishuka, waya ukakatika.
Saa tisa kasorobo alijua.
Nilijua kwamba anajua.
Viganja vilikuwa tayari mdomoni,
macho kwenye mshale wa dakika,
na ng'ambo ya ukungu bunduki zetu
zikipungua moja moja, kama taa za kijiji kikilala.

Saa tisa kamili aliita.
Aliita mpaka sauti ikachanika.
Walirudi tisa.
Mpiga kinanda alikuja akitambaa, akasema,
"Tulikuwa tukisikiliza, Kanali. Tulikuwa tukisikiliza tu."

Amani ilipotiwa saini alipewa nishani,
na ekari sabini za shamba la bwana mkubwa wa Kijerumani
aliyekimbia akiacha piano na mbwa.
Nishani sikuiona tena. Mbwa alimfuga.

Nilimtembelea Agosti moja, miaka kumi na miwili baadaye.
Alikuwa anachonga meno ya reki, mvi kichwa kizima,
akaniuliza kuhusu bei ya siagi Tartu.
Mkewe Salme ndiye mwitaji wa ng'ombe,
lakini siku hiyo Salme alilala na homa.

Jioni ikaja, ikapita.
Ng'ombe kumi na mmoja walisimama mwisho wa malisho,
viwele vimejaa, maziwa yakidondokea majani,
masikio yameelekea nyumba.
Hindrek alichukua kamba moja,
akaenda, akarudi na mmoja.
Akaenda tena.
Safari ya nne alikuwa anachechemea ule mguu wa mfalme,
nami, mjinga, nikasimama ugani,
nikajaza kifua hewa nimsaidie.

Sijui alifikaje.
Kiganja chake kilikuwa kimeshaziba mdomo wangu,
kigumu, kinanuka katani na ng'ombe,
kikitetemeka.